Je, Steringi Hafi? Filamu ya "HIT" ya Tatu na Watazamaji wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kuuliza maswali matatu juu ya kila bidhaa inayoingia kijijini: nani ameitengeneza, nani ananufaika nayo, na inamwacha mwananchi katika hali gani baada ya kuitumia. Tunauliza hivyo juu ya mbolea, juu ya mkopo, na juu ya bei ya korosho na ufuta. Ni nadra sana kuuliza hivyo juu ya picha za sinema. Kada anayeweza kueleza kwa saa nzima unyonyaji wa mlanguzi hupita mbele ya kibanda cha video kilichojaa vijana, akasema moyoni kwamba hiyo ni burudani tu, akaenda zake.

Huo ni upungufu. Kijana anayekaa katika benchi la kibanda kwa saa mbili na nusu anafundishwa. Anafundishwa adui ni nani, haki hupatikana kwa njia gani, na ni nani mwenye ruhusa ya kuua. Masomo hayo matatu ndiyo msingi wa siasa yoyote. Makala haya yanachunguza mwalimu mmoja wa namna hiyo, yaani filamu ya Kitelugu iitwayo "HIT: The Third Case", na yanauliza ina maana gani mbele ya watazamaji wa Kibiti na delta ya Rufiji. Tumeichagua kwa sababu inaonyesha kwa ukamilifu aina ya picha inayopendwa sana na vijana wetu siku hizi.

Filamu yenyewe

Kitelugu ni lugha ya watu zaidi ya milioni 80, wengi wao wakiwa katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, kusini mwa India. Vijana wetu huzikusanya zote pamoja wakaziita "muvi za Kihindi", ingawa Kitelugu si Kihindi na viwanda vya filamu vya Hyderabad si vya Bombay.

"HIT" ni mfululizo ulioandikwa na kuongozwa na Sailesh Kolanu. Jina hilo ni kifupi cha kikosi cha polisi cha kubuni chenye kazi ya kuchunguza mauaji na kuyawahi kabla hayajatokea. Filamu ya kwanza ilitoka Februari 2020, Vishwak Sen akicheza mpelelezi wa Hyderabad. Ya pili ilitoka Desemba 2022, Adivi Sesh akiwa mpelelezi wa Visakhapatnam. Ya tatu ilitoka tarehe 1 Mei 2025, siku ambayo wafanyakazi duniani huadhimisha mapambano yao, na humo Nani anacheza ofisa wa polisi aitwaye Arjun Sarkaar.

Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Watu wanauawa kwa ukatili wa kupangwa, na upelelezi unamfikisha Arjun kwenye kikundi cha siri kinachokutana katika pembe za giza za intaneti. Wanachama wa kikundi hicho huteka, hutesa na kuua kwa ajili ya starehe. Anayetaka kuingia hana budi kwanza aue na kuonyesha picha za mauaji yake. Ili apate kupenya, Arjun naye anaua kwa mtindo wa kikundi hicho, na baadaye anawafuata wanachama wake hadi maskani yao, ambako filamu inageuka kuwa machinjo. Kesi haiamuliwi mahakamani. Inaamuliwa kwa chuma na risasi, na steringi anatoka ameloa damu ya maadui zake.

Hapo ndipo penye hitilafu kubwa ya filamu hii, na kada anapaswa kuiona waziwazi. Filamu inawalaani watu wanaotazama mauaji kwa starehe, na wakati huohuo inamwuzia mtazamaji mauaji ayatazame kwa starehe. Katika hadithi, kiingilio cha kikundi cha wauaji ni picha ya mtu anayeuawa. Katika ukumbi, mtazamaji analipa kiingilio ili aone picha ya mtu anayeuawa. Watengenezaji hawakupenda swali hilo liulizwe, kwa hiyo wamelifunika kwa muziki na kwa ushujaa wa Nani. Ukiuondoa muziki, ni vigumu kumtofautisha mwenye filamu na adui aliyemchora.

Mfululizo kama bidhaa

Wako watakaosema kwamba huyo ni msanii mmoja mwenye fikra zake. La, jambo hili lina msingi wa kiuchumi. Filamu inayofuata nyingine katika mfululizo inauzwa kwa kuahidi kuzidi ile iliyotangulia. Filamu ya kwanza ilikuwa ya upelelezi hasa: mtu amepotea, mpelelezi anakusanya dalili, mtazamaji anafikiri pamoja naye. Kufika ya tatu, kufikiri kumepungua na damu imeongezeka, kwa maana damu haihitaji tafsiri na inauzika katika kila soko. Mwisho wa filamu ya pili, Nani alionyeshwa kama ofisa wa filamu ijayo. Mwisho wa ya tatu anaonyeshwa Karthi, nyota wa filamu za Kitamil, ili soko la jirani nalo lianze kungoja. Kwa hiyo mwisho wa hadithi umefanywa kuwa tangazo la bidhaa ijayo.

Tukumbuke pia kwamba Nani si mwigizaji wa kuajiriwa tu katika kazi hii. Kampuni ya Wall Poster Cinema, iliyotengeneza mfululizo huu, ni yake yeye na mwenzake. Kwa miaka mingi alijulikana kwa kucheza kijana wa kawaida, mpole, mpendwa wa familia. Mtaji wa upole ulipopungua faida, ukahamishiwa katika ukatili.

Watazamaji wa India waliipokeaje? Bodi ya filamu ya nchi hiyo iliipa daraja la watu wazima peke yao, na Nani mwenyewe alionya kabla kwamba watoto na wenye moyo mwepesi wasiende. Onyo hilo likawa sehemu ya biashara, maana kijana akiambiwa kitu hakimfai hukitafuta. Watengenezaji walitangaza kwamba katika siku chache za mwanzo mapato ya dunia nzima yalipita rupia bilioni moja. Wahakiki waligawanyika: wengi walimsifu Nani na ustadi wa mapigano, na wengi walilalamika kwamba umwagaji damu umechukua nafasi ya upelelezi. Tarehe 29 Mei 2025, siku 28 tu baada ya kutoka, ikawekwa Netflix. Tangu hapo haikuwa tena mali ya kumbi za Hyderabad. Ilikuwa njiani kuja kwetu.

Njia ya kufika delta

Watu wa delta wengi hawalipi Netflix. Lakini picha haihitaji mlango rasmi. Inashuka katika simu au kompyuta ya mtu mmoja mjini, inaingizwa katika flashi na kadi za simu, inasafiri kwa barabara ya Kilwa, na kutoka Kibiti au Nyamisati inaingia katika mashua pamoja na unga, sabuni na mafuta ya taa. Kibanda chake ni cha makuti au mabati, chenye televisheni, spika, benchi, na jenereta au sola. Wenyewe wanakiita kibanda umiza, na jina hilo linatosha kueleza starehe ya kukaa humo.

Njiani picha inapita katika mikono ya mtu wa muhimu sana, naye ni mfasiri. Lufufu alipata umaarufu nchi nzima kwa sauti yake juu ya filamu za kigeni, kama DJ Afro alivyopata nchini Kenya. Mfasiri wa namna hii hafasiri neno kwa neno. Anasimulia, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamwonya steringi, anamtukana jambazi. Kwa njia hiyo ofisa wa polisi wa Visakhapatnam anaanza kusema kama mtu wa Mbagala. Kazi hii ni mrithi wa msimulizi wa hadithi za jioni, ambaye naye hakusimulia peke yake bali alijibiwa na waliomzunguka.

Kwa hiyo ni kosa kumwona mtazamaji wa kibandani kama debe tupu linalojazwa. Anabishana na picha. Anacheka pale mtengenezaji alipotaka alie. Anapomwona mtu mmoja akipigana na ishirini bila kuguswa, husema "hiyo Kihindi", kwa maana kwamba hadanganyiki. Kanuni ya kwanza ya ukumbi anaijua: steringi hafi. Hata wingi wa damu anaupima kwa jicho la fundi, akisema hapa wameweka rangi, hapa wamebadili mtu.

Tena, watu wa pwani hawakuanza jana kutazama filamu za India. Wazee wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja waliipenda mno "Awaara" ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Nayo ilikuwa picha ya uhalifu. Ilikuwa na mwizi, ilikuwa na kisu, ilikuwa na jambazi mkubwa. Lakini swali lake zima lilikuwa hili: mwizi hutoka wapi? Jaji wa filamu hiyo anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na kisa kizima kinamthibitishia kwamba umaskini na kutupwa na jamii ndivyo vilivyomlea mhalifu. Swali hilo linajibiwa mbele ya mahakama. Babu alitazama picha ambamo uhalifu una chanzo na mshtakiwa ana kesi. Mjukuu wake anatazama picha ambamo uhalifu hauna chanzo na mshtakiwa hana kesi. Katika tofauti hiyo tunaweza kupima umbali ambao biashara ya filamu imesafiri katika miaka sabini na zaidi.

Delta yenyewe nayo imewahi kuwa bidhaa. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikondo ya Rufiji, iliharibiwa na mizinga ya Waingereza. Mwaka 1976 ilitoka filamu ya Peter Hunt iitwayo "Shout at the Devil", yenye Lee Marvin na Roger Moore, ambayo kisa chake kimetokana na habari hiyo. Mikoko iliyoonyeshwa humo haikuwa yetu. Ilipigwa picha Malta na Afrika Kusini, wakati Afrika Kusini ikiwa bado chini ya makaburu. Mateso ya watu wa delta katika vita ya mabepari wawili yalikuwa mandhari ya nyuma tu. Tunaitaja ili tusidhani kwamba tatizo ni Wahindi. Tatizo ni mtindo wa kuuza ukatili bila kueleza mzizi wake, na mtindo huo hauna taifa.

Mabavu yasiyo na chanzo

Hapa tunafika kwenye kiini. Sisi si watawa, wala hatusemi kwamba sanaa isionyeshe damu. Historia ya wanyonge imejaa damu, na sanaa inayoificha inawatumikia wanyonyaji. Swali la kada ni hili: je, kazi hii inaonyesha mabavu yametoka wapi na yanakwenda wapi?

Nchi ya Watelugu yenyewe inatoa jibu zuri kuliko filamu tunayoijadili. Kati ya 1922 na 1924 Alluri Sitarama Raju aliwaongoza watu wa milimani na misituni dhidi ya Waingereza waliowanyima haki ya kutumia misitu yao. Kati ya 1946 na 1951 wakulima wa Telangana, wakiongozwa na wakomunisti, walipambana na makabaila na utawala wa Nizam wa Hyderabad kwa ajili ya ardhi na kukomesha kazi za shuruti. Filamu ya Kitelugu ya mwaka 1979, "Maa Bhoomi" ya Goutam Ghose, ilisimulia mapambano hayo. Humo pia watu wanakufa. Lakini mtazamaji anatoka akijua kabaila ni nani, kazi ya shuruti ni nini, na kwa nini mkulima alishika silaha.

Sisi wa Rufiji na Matumbi tuna habari iliyo ndugu na hiyo. Mwaka 1905 watu wa upande huu walikataa kulimishwa pamba kwa nguvu, wakaanza vita ya Majimaji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia yake "Kinjeketile", iliyochapishwa mwaka 1969, na hakuridhika kuonyesha ushujaa. Aliuliza nini kinaunganisha watu, imani ina nguvu gani na mpaka wake uko wapi mbele ya bunduki. Mtu akimaliza kazi hiyo ana maswali mengi kuliko alipoanza.

Sasa tutazame wauaji wa "HIT". Wanaua kwa sababu wanapenda kuua. Hawana historia, hawana tabaka, hawana njaa wala mali wanayoilinda. Ubaya wao umeshuka kutoka hewani. Adui wa namna hiyo hawezi kueleweka, na asiyeweza kueleweka hubaki kuangamizwa tu. Na kwa kuwa hana mizizi katika jamii, jamii haina kazi ya kufanya juu yake: hakuna mkutano wa kijiji, hakuna shahidi, hakuna mzazi, hakuna mahakama. Wote wanaambiwa wakae pembeni wamwachie mtu mmoja mwenye misuli. Somo la siasa lililofichwa ndani ya filamu ni hili: wananchi ni wahanga au watazamaji, na ukombozi ni zawadi ya shujaa.

Kibiti, 2017

Mahali pengine somo hilo lingeweza kuchukuliwa kama mzaha. Kibiti haliwezi. Kati ya 2016 na 2017 watu zaidi ya 30 waliuawa katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Wauaji waliwalenga viongozi wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa Chama na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa barabarani, wilayani Kibiti, wakitoka kazini. Walikuwa na sare na silaha, na walikufa. Katika picha steringi hafi. Kibiti walikufa walinzi wanane kwa jioni moja, wakaacha wajane na yatima.

Usiku ukafungwa. Bodaboda zikakatazwa kutembea kuanzia jioni hadi alfajiri, na nyumba ya kiongozi wa kitongoji ikawa mahali pa hofu. Katika operesheni zilizofuata ziko pia familia zilizolalamika kwamba ndugu zao walichukuliwa wasirudi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Kada mkweli hawezi kuwataja waliouawa akanyamaza juu ya waliotoweka. Wote ni wananchi, na maswali ya jamaa zao yanadai majibu ya sheria.

Mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 2017 alikuwa na miaka kumi na tano filamu hii ilipotoka. Yumo katika benchi la kibanda. Anapoona mtu ametekwa na kufungwa, hatazami kitu cha mbali. Ndiyo maana tunasema kwamba mapokezi ya filamu hii katika Kibiti na delta hayawezi kufanana na ya Hyderabad. Mtazamaji wa Hyderabad anaweza kuichukulia hofu kama kiungo cha mchuzi. Mtazamaji wa hapa aliila hofu yenyewe.

Basi, kwa nini anapiga makofi Arjun anapomkata adui? Wako wanaosema kwamba watu wamezoea damu, wamekuwa wagumu. Sisi tunakataa maelezo hayo. Anayepiga makofi anadai kitu. Anadai kwamba muuaji ajulikane, ashikwe, asiponyoke kwa fedha wala kwa giza. Dai hilo ni halali kabisa, na ndilo dai la kila mnyonge aliyedhulumiwa. Kosa la filamu ni kwamba inalichukua dai hilo halali na kulijibu kwa uongo. Inamwambia: haki unayoitaka itapatikana siku mwenye bunduki atakapoachwa aue bila kuulizwa.

Hebu tulipeleke jibu hilo kijijini tulione. Mwenye bunduki asiyeulizwa leo anamwua muuaji. Kesho anamwua aliyefananishwa na muuaji. Keshokutwa anamwua jirani mwenye ugomvi naye wa shamba. Katika filamu hakuna hatari hiyo, kwa sababu mwandishi amekwisha kutuonyesha mwenye hatia kabla Arjun hajafika. Kijijini hakuna mwandishi wa kutuonyesha. Ndiyo maana Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitishwa, na katika ibara ya 14 inailinda haki ya kuishi. Ndiyo maana pia Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, uliwakataza viongozi kiburi na uonevu. Waasisi walijua kwamba mnyonge hana bunduki. Silaha yake ni utaratibu unaomlazimisha mwenye bunduki kujieleza. Mtu anayemfundisha mnyonge kuushangilia uvunjaji wa utaratibu huo anamnyang'anya silaha pekee aliyonayo.

Mafunzo hayohayo ndiyo yanayoonekana barabarani kibaka anapovishwa tairi na kuchomwa moto na umati. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyowasha kiberiti. Kuchelewa kwa kesi, rushwa na kukata tamaa vilikuwapo kabla ya Netflix. Tunasema kwamba filamu inalipamba tendo lile na kulipa jina la ushujaa.

Mielekeo miwili ya makosa

Mbele ya jambo hili ipo mielekeo miwili ambayo makada wanapaswa kuikwepa.

Mwelekeo wa kwanza ni wa kupiga marufuku na kutukana. Kada wa aina hii anataka vibanda vifungwe na vijana waelezwe kwamba wana kasumba. Kwanza, hawezi: picha iliyo katika kadi ya simu haifungwi kwa kufuli. Pili, anasahau kwamba katika vijiji vingi kibanda ndicho ukumbi pekee ambamo vijana hukutana bila kuitwa na mtu. Tatu, anawatukana watu wake. Mvuvi aliyetoka kutega kamba usiku kucha, au mkulima wa mpunga ambaye shamba lake lilizama katika mafuriko ya 2024, ana haki ya kupumzika.

Mwelekeo wa pili ni wa kuachia. Huu unasema kwamba sanaa ni sanaa, mtu mzima anajua kutofautisha, soko litaamua. Unasahau kwamba benchini hakuna watu wazima peke yao. Unasahau pia kwamba soko limekwisha kuamua: limeamua kwamba damu inalipa kuliko fikra, na litaendelea kuamua hivyo katika filamu ya nne na ya tano.

Mielekeo yote miwili inatoka katika uvivu mmoja, yaani kukataa kukaa na wananchi, kutazama wanachotazama na kuzungumza nao.

Kazi zilizo mbele yetu

Kwanza, watoto. Filamu iliyowekewa daraja la watu wazima huko ilikotengenezwa haiwezi kuwa halali ya mtoto wa darasa la tano huku. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, iliweka msingi wa ukaguzi, na Bodi ya Filamu inapanga madaraja. Lakini daraja lililoandikwa Dar es Salaam halimwoni mtoto aliye Mbwera. Ni serikali ya kijiji, wazazi na mwenye kibanda wanaoweza kukubaliana juu ya saa na juu ya picha, na kulisimamia kubaliano lao.

Pili, mazungumzo. Tawi lenye uhai linaweza kumwomba mwenye kibanda nusu saa baada ya picha. Kada asihutubie, aulize. Nani alimpa Arjun ruhusa? Kama angekosea mtu, nani angejibu? Wale wauaji walitoka wapi, na mbona hatukuambiwa? Hapa kwetu haki ikichelewa tunakwenda wapi, na tukifika nani anatusikiliza? Swali la mwisho litamgusa kada mwenyewe, na ni vizuri limguse. Akiwa hana jibu, basi amepata kazi ya kufanya asubuhi yake.

Tatu, wafasiri. Mtu mwenye sauti inayosikika katika vibanda vya nchi nzima ni mwalimu wa umma, atake asitake. Anaweza kumsifu anayechinja, na anaweza kwa mzaha mmoja tu kumwuliza steringi ameiacha wapi hati ya mahakama. Tumtafute, tumheshimu kama mfanyakazi, tuzungumze naye.

Nne, kazi zetu wenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1985 ilitokea "Arusi ya Mariamu". Mwaka 2021 "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyesha kwamba mapambano ya watu wetu yanaweza kutengenezwa kwa ustadi na kutazamwa duniani. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, ndani ya mkoa huuhuu wa Pwani. Habari za delta zinamngoja mwenye kamera: mkata mikoko na mwenye leseni, mvuvi na mchuuzi wa kamba, kijiji kilichohamishwa kwa mafuriko, mama aliyelea watoto peke yake baada ya 2017. Filamu hizo zitakuwa na damu pale ambapo damu ilimwagika. Lakini zitasema ni damu ya nani, ilimwagwa kwa nini, na nani alipaswa kuizuia.

Hayo yote hayawezi kufanywa na mtu anayekidharau kibanda. Katika mikutano ya mwaka, matawi ya Kibiti na Rufiji yangefanya vema kuweka jambo hili katika ajenda, na kuwaita wenye vibanda na vijana waje waseme wenyewe wanatazama nini na wanaonaje. Tuanze kwa kuwasikiliza. Wanaojua hofu ya usiku wa 2017 ni wao, na haki wanayoipigia makofi kibandani ndiyo haki wanayotudai sisi tuliopewa dhamana.